Goti la Mpokeaji na Bei ya Subira

Kila mwezi wa Agosti, wiki chache kabla ya msimu wa ligi ya NFL kuanza nchini Marekani, mamilioni ya mashabiki wa futiboli ya Kimarekani huchagua vikosi vyao vya fantasi. Karibu kila mwaka, katika orodha ya wachezaji wanaongojea kuchaguliwa, huwamo jina la mpokeaji mmoja au wawili waliokatika ligamenti ya goti msimu uliotangulia. Swali linaloulizwa juu yao ni moja: watarudi lini? Mchezaji akitajwa kuwa tayari kwa mechi ya kwanza ya Septemba, bei yake hupanda. Akitajwa kuchelewa hadi Oktoba, hushuka. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, pamoja na ukawaida wake, halifiki kwenye kiini cha jambo. Siku ya kurudi uwanjani hueleza machache sana kuhusu hali ya goti, na anayelipa bei kamili kwa sababu ya tarehe hununua ahadi ambayo hata daktari aliyempasua mchezaji huyo hawezi kuitoa.

Huenda msomaji akajiuliza jarida la chuo cha tiba linatafuta nini katika mchezo wa burudani wa ng'ambo. Jibu ni kwamba fantasi ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watu wasio waganga hubashiri mwenendo wa jeraha, wakaandika ubashiri wao kwa namba, kisha wakapata jibu la wazi mwisho wa msimu. Makosa yao yanaonekana kwa urahisi kuliko makosa ya aina hiyo hiyo yafanywayo kliniki, shuleni na katika vilabu vyetu, ambako hakuna anayeweka hesabu.

Mchezo wenyewe

Fantasi ya futiboli ilianza mwaka 1962, pale Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa timu ya Oakland Raiders, alipotunga kanuni zake pamoja na wenzake katika hoteli moja jijini New York. Kila mshiriki huunda kikosi cha kubuni cha wachezaji halisi, na kila anachofanya mchezaji katika mechi halisi hugeuzwa kuwa alama. Wasomaji wetu wengi wanaufahamu mtindo huu kupitia fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na msingi ni ule ule.

Mpokeaji ni mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kukimbia kwa njia iliyopangwa, kumponyoka mlinzi, na kuudaka mpira uliorushwa na kotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi. Katika mfumo mmoja unaotumika sana, mpokeaji hupata alama 1 kwa kila mpira aliodaka, alama 1 kwa kila yadi 10 alizosonga nao, na alama 6 kwa kila bao. Hesabu zote katika makala haya zimefuata mfumo huo, kwa mipira ya kudaka peke yake. Mpokeaji anayepata wastani wa alama 17 kwa mechi ni nguzo ya kikosi. Anayepata alama 7 hukaa benchi, au huachwa kabisa.

Thamani ya mpokeaji, basi, inategemea mambo ambayo yote hupita gotini: kuondoka kwa kasi, kusimama ghafla, kugeuka kwa mguu mmoja, na kuruka kisha kutua akiwa amezongwa na mlinzi. Ni vigumu kufikiria kazi nyingine ya michezo inayolitesa goti zaidi.

Kinachokatika na kinachowekwa badala yake

Katikati ya goti zimo ligamenti mbili zinazopishana kama msalaba. Ya mbele ndiyo tunayoizungumzia hapa. Huzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele ya mfupa wa paja, na husaidia kudhibiti mzunguko wa goti pale mguu unapokuwa umekita chini na mwili unageuka. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu. Huwa anasimama ghafla au anatua vibaya, goti linaingia ndani, na ligamenti inaachia.

Ligamenti hii ikikatika kabisa haiponi vizuri yenyewe kama ngozi au mfupa unavyopona. Kwa mwanamichezo wa kiwango cha juu, daktari bingwa wa mifupa kwa kawaida huweka kipandikizi mahali pake. Kipandikizi hicho huchukuliwa mara nyingi kutoka kano iliyo chini ya pia ya goti, kano za misuli ya nyuma ya paja, au kano ya misuli ya mbele ya paja. Hutobolewa njia katika mifupa miwili, kano hupitishwa humo, na hufungwa kwa nguvu.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wachezaji wa fantasi, na wagonjwa wengi pia, hawaelezwi kwa uwazi. Kano iliyopandikizwa si ligamenti siku ile inapowekwa. Imeng'olewa kutoka mahali ilipokuwa ikipata damu. Seli zake nyingi hufa katika wiki za mwanzo, mishipa midogo mipya ya damu huingia polepole, seli mpya hujijenga, na nyuzi za kolajeni hupangwa upya hadi kano ianze kufanana na ligamenti. Kazi hiyo huendelea kwa mwaka mmoja, na mara nyingi hata miwili. Katika miezi ya mwanzo kipandikizi hupungua nguvu kabla ya kuongezeka, na huo ndio wakati maumivu yanapokwisha, uvimbe unapoondoka, na mgonjwa anapojisikia mzima. Kujisikia mzima hutangulia kupona kwa miezi mingi.

Zaidi ya kipandikizi, kuna misuli. Misuli ya mbele ya paja hunyauka haraka sana baada ya jeraha na upasuaji, nayo huchukua muda mrefu kuirudia nguvu yake. Ligamenti yenyewe ilikuwa pia na mishipa ya fahamu iliyoujulisha ubongo goti liko katika mkao gani, na taarifa hizo hazirudi kama zilivyokuwa. Mwisho kuna woga. Mchezaji aliyewahi kusikia goti lake likiachia hukumbuka, na mwili wake huanza kuukwepa mguu ule bila yeye kukusudia. Mlinzi wa NFL huihitaji nukta moja tu ya kusita ili amfikie.

Utafiti unavyosema

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofuatilia majeraha 33 ya ligamenti hii kwa wakimbiaji na wapokeaji wa NFL. Takriban mmoja kati ya watano hakurudi tena kucheza mechi ya ligi hiyo. Wengi wa waliorudi walifanya hivyo kati ya mwezi wa 9 na wa 12, na utendaji wao ulikuwa umepungua kwa kiasi cha theluthi moja ukilinganishwa na hapo kabla. Tiba na mazoezi vimeendelea tangu wakati huo, wala majeraha 33 si mengi. Hata hivyo theluthi moja ni namba inayofaa kukumbukwa na yeyote anayekaa kuchagua kikosi mwezi Agosti.

Kwa wanamichezo kwa jumla picha inafanana. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumuisha tafiti 69 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji wa ligamenti hii asilimia 81 walirudi kwenye michezo ya namna fulani, asilimia 65 walirudi kwenye kiwango walichokuwa nacho, na asilimia 55 tu walirudi kwenye mashindano. Tofauti baina ya 81 na 55 ndiyo tofauti baina ya neno “amerudi” kama linavyotangazwa na neno hilo kama mchezaji mwenyewe anavyolihitaji.

Kisha kuna hatari ya kuumia tena. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 15 ya waliofanyiwa upasuaji walikata ligamenti mara ya pili, ama katika goti lile lile ama katika la upande wa pili. Kwa wale wenye umri chini ya miaka 25 waliorudi michezoni, kiwango kilifika asilimia 23, karibu mmoja kati ya wanne.

Utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 2016, uliofuatilia wagonjwa 106, ndio unaobeba hoja ya makala haya. Ulionyesha mambo mawili. La kwanza, kila mwezi ambao mgonjwa aliahirisha kurudi michezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kasi ya kuumia tena kwa asilimia 51. La pili, miongoni mwa waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na vya kuruka kwa mguu mmoja, asilimia 38.2 waliumia tena goti. Miongoni mwa waliofaulu, ni asilimia 5.6. Muda una thamani yake, lakini muda bila vipimo ni nusu ya kazi.

Wapokeaji watatu wa timu moja

Mwenye shaka na atazame timu ya Los Angeles Rams, ambayo ilikuwa na wapokeaji watatu walioipitia njia hii kwa namna tatu tofauti.

Cooper Kupp aliumia goti la kushoto Novemba 2018, akiwa na umri wa miaka 25. Msimu huo alikuwa amecheza mechi 8 kwa wastani wa alama 16.6. Alirudi mechi ya kwanza ya msimu wa 2019, takriban miezi kumi baadaye, akadaka mipira 94 kwa yadi 1,161 na mabao 10, sawa na wastani wa alama 16.9 katika mechi 16. Aliyemchagua kwa bei iliyopunguzwa Agosti ile alipata faida kubwa. Msimu wa 2020 wastani wake ulishuka hadi 13.8. Mwaka 2021, alipopata kotabeki mpya, Matthew Stafford, alidaka mipira 145 kwa yadi 1,947 na mabao 16, akaongoza ligi nzima katika mambo yote matatu, na wastani wake ukapanda hadi alama 25.6.

Robert Woods aliumia mazoezini Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka 29. Kabla ya hapo alikuwa na wastani wa alama 13.8 katika mechi 9 za msimu huo. Mwaka 2022 alihamia Tennessee Titans, akacheza mechi zote 17 bila kukosa hata moja. Kwa kipimo cha tarehe, alipona kwa mafanikio makubwa. Lakini alidaka mipira 53 tu kwa yadi 527 na mabao 2, yaani wastani wa alama 6.9, nusu ya alichokuwa akipata. Umri, timu mpya na mashambulizi yaliyotegemea zaidi kukimbia na mpira vilichangia. Mshabiki aliyeuliza tu kama Woods atakuwepo Septemba alijibiwa ndiyo, na ndiyo hiyo haikumfaa kitu.

Odell Beckham Jr. alikatika ligamenti ya goti la kushoto Oktoba 2020, alipokuwa Cleveland Browns. Alirudi Septemba 2021, na Novemba akajiunga na Rams. Katika mechi 8 za msimu wa kawaida akiwa na timu hiyo alifunga mabao 5, na katika mechi za mtoano alikuwa miongoni mwa wachezaji wao bora. Tarehe 13 Februari 2022, katika fainali ya Super Bowl mjini Inglewood, alifunga bao la kwanza la mchezo. Kabla ya mapumziko alikuwa amelala uwanjani ameshika goti lile lile, bila kuguswa na mtu. Ligamenti ilikuwa imekatika mara ya pili. Alikosa msimu mzima wa 2022, na aliporudi mwaka 2023 akiwa na Baltimore Ravens, wastani wake ulikuwa alama 7.8.

Rams walishinda fainali hiyo 23 kwa 20, na mchezaji bora wa mchezo alikuwa Kupp. Wapokeaji wawili wa timu moja, wote walioumia goti la kushoto, walikuwa uwanjani jioni ile. Mmoja alikuwa amepita miaka mitatu na miezi mitatu tangu kuumia, mwingine mwaka mmoja na miezi minne. Wa tatu, Woods, alikuwa bado anauguza goti lake. Sidai kwamba miezi hiyo peke yake inaeleza yaliyowapata. Ninachosema ni kwamba hakuna tarehe ya kurudi iliyoweza kumtabiria mtu mwezi Agosti nani kati yao angekuwa nani.

Hoja za upande wa pili

Anayepinga ataleta mifano yake, nayo ni ya kweli. Stefon Diggs aliumia Oktoba 2024 akikaribia miaka 31, akarudi mechi ya kwanza ya msimu wa 2025 na timu ya New England Patriots, na akavuka yadi 1,000. Wachezaji wa NFL wana madaktari, wataalamu wa fiziotherapia na vifaa ambavyo wagonjwa wa kawaida katika tafiti hawakuwa navyo. Kwa nini basi tuwahukumu kwa wastani wa watu wengine?

Hoja hii ina uzito, na inaonyesha kwa nini sisemi kwamba mpokeaji anayerudi asichaguliwe. Nasema alipiwe bei ya mtu ambaye matokeo yake yanaweza kuangukia popote kati ya Kupp na Woods. Mfano mmoja wa mafanikio hauondoi mifano ya waliopungua, na sisi hukumbuka zaidi waliofanikiwa kwa sababu ndio tunaoendelea kuwaona kwenye runinga. Huduma bora, kwa upande wake, huipa misuli nguvu na huondoa uvimbe mapema, lakini haiharakishi sana kazi ya seli kukijenga upya kipandikizi. Hakuna klabu tajiri kiasi cha kuinunua miezi ile.

Wengine watasema kwamba alama hutegemea mambo mengi zaidi ya goti: kotabeki, mfumo wa timu, idadi ya mipira inayorushwa. Ni kweli, na mfano mzuri ni Chris Godwin wa Tampa Bay Buccaneers. Aliumia Desemba 2021 na akarudi mechi ya kwanza ya Septemba 2022, chini ya miezi tisa baadaye. Katika mechi hiyo hiyo aliumia misuli ya nyuma ya paja, akakosa mechi mbili zilizofuata. Hata hivyo alimaliza msimu na mipira 104 na yadi 1,023, wastani wa alama 15.0 baada ya kuwa na 17.0 mwaka uliotangulia. Ukitazama alama peke yake utasema alipona. Ukitazama yadi kwa kila mpira, zilishuka kutoka 11.3 hadi 9.8, na mabao kutoka 5 hadi 3. Timu ilimrushia mipira mingi mifupi, na wingi ule uliziba upungufu wa kila mpira. Siwezi kuthibitisha kwamba goti ndilo lililosababisha yote hayo, lakini mfano huu unafundisha kwamba hata alama nzuri haziwezi kusomwa kama cheti cha daktari.

Maswali yanayofaa kuulizwa

Ikiwa tarehe haitoshi, anayetaka kumthamini mpokeaji aulize nini?

Aulize kwanza kilichoumia ni nini hasa. Ligamenti moja iliyokatika ni jambo moja. Ligamenti kadhaa, pamoja na meniskasi, ile mito miwili ya gegedu inayotenganisha mifupa, ni jambo jingine. Tank Dell wa Houston Texans, aliyeteguka goti na kukatika ligamenti kadhaa Desemba 2024, hakucheza msimu wote wa 2025, na kumweka katika fungu moja na aliyekata ligamenti moja ni kosa la tangu mwanzo.

Aulize umri, na akumbuke kwamba umri hukata pande mbili. Kijana ana misuli na muda wa kurudisha kiwango, lakini yumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi ya kuumia tena. Mzee wa mchezo huenda asiumie tena, ila kasi aliyoipoteza huenda isirudi.

Aulize kama ni mara ya kwanza au ya pili, na mchezaji huwashindaje walinzi wake. Anayetegemea mbio za moja kwa moja ana cha kupoteza zaidi kuliko anayetegemea akili ya kuchagua njia na mikono salama. Aulize pia, mazoezi ya Agosti yanapoanza, kama mchezaji anakata kona kwa kasi au anapewa mazoezi ya pembeni, na kama taarifa zinazotolewa zinataja vipimo au zinataja siku tu.

Mtu anayefaa kupimwa kwa maswali haya ni Malik Nabers wa New York Giants. Katika msimu wake wa kwanza, 2024, alidaka mipira 109 kwa yadi 1,204. Tarehe 28 Septemba 2025 alikatika ligamenti ya msalaba ya goti la kulia, akiwa na umri wa miaka 22. Kwa msimu wa 2026, kalenda inamruhusu, kwani Septemba hadi Septemba ni mwaka mzima. Lakini kwa umri wake, hatari ya kuumia tena imo katika hesabu ile ya mmoja kati ya wanne. Kwa maoni yangu, katika ligi ya mwaka mmoja thamani yake isizidi theluthi mbili ya ile aliyokuwa nayo kabla ya kuumia, mpaka uwanja useme vinginevyo. Katika ligi ambazo mshiriki hubaki na wachezaji wake mwaka hadi mwaka, huyo ndiye wa kumnunua na kumsubiri. Subira hapo ina faida inayohesabika.

Kwa nini hili linatuhusu

Mshiriki wa fantasi akikosea hupoteza fedha kidogo na utani wa marafiki. Kosa hilo hilo likifanywa na kocha wa timu ya shule au ya mtaa, anayelipa ni kijana mwenye umri wa miaka 17, ambaye hana daktari wa timu wala bima. Huyo pia huulizwa kila siku, “Utarudi lini?” Huulizwa na kocha, na wenzake, na baba yake aliyeuza kitu ili alipe gharama za hospitali. Naye akishaacha kuchechemea huona aibu kusema bado. Maumivu yameisha, mashindano yamekaribia, na hakuna aliyempima nguvu ya paja lake hata mara moja. Yumo katika lile kundi la asilimia 38.2 bila kujua kwamba kundi hilo lipo.

Nasi wa tiba tuna sehemu yetu katika lawama hii. Tunapomwambia mgonjwa “miezi sita” tukaishia hapo, tumempa tarehe na kumnyima vigezo. Tarehe ni rahisi kuikumbuka, na ataishika kama ahadi. Ingefaa zaidi aondoke na masharti machache anayoweza kuyaelewa: goti lisivimbe baada ya mazoezi, linyooke na kukunjika kikamilifu, nguvu ya misuli ya paja la mguu uliopasuliwa ifike angalau asilimia 90 ya mguu mwingine, aruke kwa mguu mmoja umbali unaokaribia ule wa mguu mzima na atue bila goti kuingia ndani, na miezi isipungue tisa hata kama yote hayo yametimia mapema. Vipimo vya kuruka havihitaji mashine. Vinahitaji utepe wa kupimia, mahali tambarare, na mtaalamu wa fiziotherapia mwenye nusu saa. Wenye umri chini ya miaka 25 waelezwe hatari yao kwa namba, kwa kuwa wao ndio wanaoharakishwa zaidi.

Wala mazoezi hayo si ya waliopasuliwa tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya vijana 121 waliokatika ligamenti hii ulionyesha kwamba walioanza na programu madhubuti ya mazoezi, upasuaji ukiachwa kwa watakaouhitaji baadaye, hawakuwa na matokeo mabaya kuliko waliopasuliwa mapema baada ya miaka miwili, na zaidi ya nusu yao hawakuhitaji kupasuliwa katika muda huo. Washiriki hao hawakuwa wapokeaji wa NFL, na anayeishi kwa kukata kona huenda akauhitaji upasuaji. Lakini kwa wengi wanaofika kliniki zetu wakiamini kwamba bila kisu hakuna matumaini, habari hii inafaa kutolewa mapema na bila kificho.

Msimu ujao orodha za fantasi zitatoka tena, na majina ya waliokatika ligamenti yatakuwemo. Msomaji anayecheza ana haki ya kubahatisha, maana ndiyo raha ya mchezo. Namwomba tu apunguze bei mwaka wa kwanza na aulize vipimo kabla ya kuuliza tarehe. Akishazoea kuuliza hivyo juu ya mpokeaji asiyemjua huko Marekani, siku kijana wa nyumbani kwake atakapotoka hospitali na magongo, atajua la kumuuliza daktari.